Trauti, Mgeni na Mkulima wa Ukingoni

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Msemo huo watimia katika mito ya milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ambako watu hutoka Nairobi, na wengine ng'ambo, wakalipa fedha nzuri ili wasimame katika maji ya baridi kutwa nzima wakimtafuta samaki mmoja. Mtu asiyeujua mchezo huu aweza kushangaa, maana sokoni samaki hupatikana kwa taabu ndogo kuliko hiyo. Lakini mgeni hakufuata kitoweo. Amefuata mapumziko, hewa safi, na mashindano ya akili baina yake na kiumbe mwenye macho makali.

Samaki mwenyewe ni trauti, naye si mwenyeji wa mito hii. Mwaka 1905 mayai ya trauti wa kahawia yaliletwa kutoka Loch Leven, huko Uskochi, kwa juhudi za mlowezi Ewart Grogan, yakatiwa katika mto Gura. Baadaye akaletwa trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Mwaka 1948 kikaanzishwa kituo cha kuzalisha trauti Kiganjo, karibu na Nyeri. Wazee wa Kikuyu wa siku zile hawakuwa na desturi ya kula samaki, na starehe hii ilikuwa ya walowezi. Mwafrika kazi yake ilikuwa kubeba mikoba. Tangu uhuru wa mwaka 1963 mambo yamegeuka. Leo kiongozi amwonyeshaye mgeni njia, naye akalipwa kwa ujuzi wake, mara nyingi ni kijana aliyezaliwa papo hapo kando ya mto.

Kazi ya kiongozi huyo yaanza mapema. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Aberdare, iliyoanzishwa mwaka 1950, iko nyumba ya wavuvi juu kabisa, mahali penye majani marefu na ukungu wa asubuhi, ambapo wageni hujipikia wenyewe. Nyati na tembo ni wengi huko, kwa hiyo yafaa askari wa wanyama mwenye bunduki aandamane na wavuvi. Leseni ikisha kupatikana, kiongozi hutazama fimbo na mshipi, kisha huingia mtoni akageuza jiwe moja au mawili. Ataka kuona ni wadudu gani wanaoishi chini yake. Mchezo huu hautumii mnyoo, bali nzi wa bandia, aliyefanyizwa kwa manyoya na nyuzi zilizofungwa juu ya ndoana. Na asiyefanana na wadudu wa mto ule, trauti hamgusi.

Ndipo safari huanza, nao huupanda mto kuelekea juu. Sababu yake ni kwamba trauti hukaa ameukabili mkondo, akingoja chakula kiletwacho na maji, na mtu ajaye kwa nyuma haonekani upesi. Kivuli kisianguke majini, wala mguu usigonge mawe. Samaki akinaswa, naye ni mdogo, kiongozi hulowesha mikono kwanza kabla ya kumshika, maana mkono mkavu huondoa ule utelezi wa ngozi unaomkinga na maradhi. Kisha humshika taratibu ndani ya maji, kichwa kikielekea mkondo, hata apate nguvu na kwenda zake.

Samaki huyu ana masharti. Hawezi kuishi katika maji ya moto, kwa kuwa maji yakipata joto hewa iliyomo hupungua. Hutaga mayai yake katikati ya changarawe safi, na mayai hayo hupumua kwa maji yapitayo kati ya vijiwe. Udongo ukishuka kutoka mashambani, huziba nafasi hizo, mayai yakafa. Kwa hiyo mahali trauti alipo, mkulima aweza kujua ya kuwa mto una afya. Na akitoweka, yafaa mkulima aulize sababu.

Mazungumzo kama haya husikika chini ya msitu, penye mpaka wa mashamba. Kijana aongozaye wageni amesimama mbele ya mzee mwenye viazi vilivyopandwa hata ukingoni mwa maji.

"Mzee, wageni wangu wamerudi leo mikono mitupu. Maji yamekuwa mekundu tangu mvua ya juzi."

"Samaki ni wenu, wewe na wageni wako," ajibu mzee. "Mimi nala viazi."

"Ni kweli, Mzee. Lakini ule udongo uliopita mbele ya wageni, ulitoka katika shamba la nani?"

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, shamba langu ni ekari moja na nusu, na hapa ukingoni ndipo penye rutuba. Nikipaacha, nitalima wapi?"

Swali la mzee si la kudharauliwa. Kanuni za Maji za mwaka 2007 ziliagiza ukingo usiopungua mita 6 uachwe bila kulimwa, na kwa mwenye ekari moja na nusu hizo si kidogo. Tena jambo la kuhifadhi udongo lina historia chungu katika nchi hii. Mwaka 1947 watu wa Murang'a walikataa kuchimba matuta ya kulazimishwa, nao hawakukosa haki, maana mtu hatunzi vema kile anachoshurutishwa kutunza kwa faida ya mwingine.

Lakini leo faida ni ya mwenyeji. Fedha za mgeni hulipa karo ya watoto wa kiongozi, na hununua maziwa, mayai na mboga za jirani. Wala ukingo ulioachwa si hasara tupu. Ukipandwa majani ya nepia, mizizi yake huushika udongo, na majani yenyewe hukatwa kwa ajili ya ng'ombe wa zizini. Mikaratusi isipandwe hapo, maana hunywa maji mengi mno. Na ule udongo mwekundu unaokwenda na mto, je, si ndio rutuba ambayo mzee aliinunulia mbolea? Haurudi tena. Huteremka na maji ya mto Tana hata bwawa la Masinga, lililomalizika mwaka 1981, ukatua huko bila kumlisha mtu.

Basi kijana na mzee wana mto mmoja na hasara moja. Afadhali wakae pamoja kabla ya mvua ndefu, wapime ukingo kwa hatua, na kijana alete miche ya nepia begani mwake, maana mwenye kupata mshahara kwa maji ya mwenziwe ana deni. Trauti hapigi kelele anapoudhiwa. Huondoka kimya, mgeni akamfuata, na mwenyeji akabaki na maji mekundu.