UKIWA MKUBWA UTAKUWA NANI?

Nina neno kifuani na leo nitalitoa.

Siku moja mgeni alifika kwetu hapa Kariokor, akamwuliza mdogo wangu wa miaka 6 swali ambalo sote tumewahi kuulizwa: "Ukiwa mkubwa utakuwa nani?" Mtoto akajibu bila kusita, "Nitashona viatu kama baba." Loo! Tuliangua kicheko, mimi nikiwa wa kwanza. Baba naye alicheka, lakini nilimwona akiitazama mikono yake.

Tangu hapo, ukimwuliza anajibu "daktari" haraka haraka, kama anayekariri jedwali la kuzidisha. Ukimwuliza daktari hufanya nini, kimya.

Nionavyo mimi, kosa ni letu. Tunamtaka mtoto ataje cheo, hatumsaidii kuiona kazi. Kwani ni vigumu kumwuliza: utashika nini mkononi? Utafanya kazi na akina nani? Nani atafurahi ukimaliza? Mpe kalamu achore. Mwache aigize. Na kesho akibadili nia, usimwambie, "Si jana ulisema rubani?" Mpeleke sokoni kwetu awaone wasusi wa vyondo, washona viatu na wachoma nyama, awaulize walijifunzia wapi. Akimpata muuguzi zahanati, amwulize pia.

Wengine watasema, ati baba anajinyima ili mwanawe asishike kisu cha ngozi. Ni kweli, na sisemi mtoto afungiwe kibandani. Nasema hivi: akichekwa kwa ndoto ya kwanza, ya pili ataificha. Wahenga walinena samaki mkunje angali mbichi, lakini kumkunja si kumvunja.

Tena jambo hili si mchezo. Katika mtaala mpya, mwanafunzi huchagua mkondo wake kabla ya kuingia gredi ya 10: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Kundi la kwanza liliingia Januari 2026. Je, atachaguaje akiwa na miaka 15 ikiwa tulimnyamazisha akiwa na 6?

Jina la mtaa wetu lenyewe latoka kwa "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918. Wengi walichukuliwa kwa nguvu. Hakuna aliyewauliza wangependa kuwa nani. Sisi tunaulizwa, basi swali na liwe la kweli.

Juzi niliketi na mdogo wangu, nikamwomba radhi. Nikamwuliza, akiwa fundi atashona viatu vya nani kwanza. Alinikazia macho kuona kama nitacheka. Sikucheka.

"Vyako," akasema. "Lakini utalipa!"