Wagonjwa wa kisukari wakaguliwe miguu kliniki

Ndugu Mhariri,

Shangazi yangu anaugua kisukari, na mimi ndiye ninayempeleka kliniki. Kila tukienda anapimwa sukari, anapimwa presha, anaandikiwa dawa, basi. Sijapata kusikia akiambiwa, "Mama, hebu vua viatu tuone miguu."

Masika iliyopita alishinda na kokoto ndani ya kiatu mpaka jioni asiihisi, kwa kuwa sukari ikikaa juu muda mrefu huua hisia za nyayo. Damu kwenye soksi ndiyo iliyotushtua. Kidonda chenyewe kidogo tu, chini ya dole gumba, lakini kilichukua miezi kupona. Wapo waliokatwa mguu kwa kidonda kama hicho.

Aliyetufundisha ni jirani yetu, muuguzi mstaafu: kung'uta kiatu kabla ya kuvaa, kagua nyayo kila jioni, na asiyeweza kuinama atumie kioo, kausha katikati ya vidole, usitembee pekupeku hata ndani ya nyumba, kata kucha bila kuchimba pembeni. Na yale maji moto ya kukandia miguu, ambayo wazee wetu hawaambiliki kuyaacha, mtu mwenye hisia timamu ayapime kwanza kwa kiwiko.

Naiomba Wizara ya Afya ihakikishe kliniki zote za kisukari zinakagua miguu ya wagonjwa. Nanyi wasomaji wenzangu, huko kwenu wagonjwa huvuliwa viatu? Tuandikieni.

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam