Mapumziko ya Ziwa Yasiwe Njaa ya Wadogo



Hapa Kabimba, kama kote mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika, ndakala huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa. Mbalamwezi ikikomaa, taa hupoteza nguvu, nao wavuvi hupumzika siku kadhaa. Hakuna anayeulaumu mwezi.

Lakini yanapotangazwa mapumziko ya miezi mitatu, tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kama nchi nne zenye ziwa hili zilivyopatana, manung'uniko huzuka. Twawaelewa wanaonung'unika, kwa maana mwenye deni la nyavu hana akiba ya miezi mitatu. Hata hivyo, twaona mapumziko hayo ni ya haki.

Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 hivi, na sehemu kubwa ya rutuba yake imelala vilindini. Wakati wa kiangazi, upepo wa kusini-mashariki huyakoroga maji na kuipandisha rutuba hiyo juu, samaki wapate kulishwa. Maji ya juu yakizidi joto, hayachanganyiki vema na yale ya chini. Tangu mwaka 2003 wataalamu wameonyesha kwamba joto hilo limepunguza chakula cha samaki ziwani. Kabimba haiwezi kuuamuru upepo. Yaweza, hata hivyo, kuchunga matundu ya nyavu zake. Anayekokota chandarua karibu na ufuko huchota samaki wachanga kabla hawajazaa, na hasara yake ni yetu sote. Nao samaki hawajui mpaka: upande wa Tanzania ziwa lilifungwa mwaka 2024, na kujizuia kwa ng'ambo hakuna faida ikiwa sisi tunavua usiku kwa siri.

Lakini tuseme na upande wa pili. Kanisa limetufundisha kwamba mfungo usiomjali mwenye njaa ni bure. Mapumziko ya ziwa nayo ni mfungo, na hayafai kubebwa na mwenye mtumbwi mmoja na mama anayeuza mafungu sokoni peke yao. Sheria imshike mwenye nyavu nyingi sawasawa na mwenye wavu mmoja. Wanaofunga ziwa watangaze mapema, wala wasiwasahau wanaoishi kwa kazi ya siku.

Nasi tusingoje Mei ifike. Akiba haiozi: tangu Januari kila kikundi kiwe na sanduku lake, hata likipokea kidogo kila juma. Mihogo ipandwe mapema, na ndakala za msimu wa wingi zikaushwe vizuri na kutunzwa. Sanduku hilo halitalisha Kabimba nzima, lakini laweza kuitunza nyumba ya mjane asiye na mtu ziwani. Tumwandike huyo wa kwanza, kabla ya kuhesabu fedha.