Si Mvivu, Ni Mgonjwa



Katika mitaa yetu wako watoto ambao kidole gumba chao hukunjika kikagusa mkono, na goti lao hurudi nyuma kama upinde. Sisi huwaita mbele ya wageni waonyeshe, tukacheka. Mtoto huyo huyo akikua, akasema bega limeteguka kwa kuinua ndoo tu, mwili wamuuma, akisimama moyo wamwenda mbio na uchovu haumwachi, twamgeuzia uso: mvivu, mwongo, ana jini.

Nami nimo katika lawama hii. Chuoni kwangu alikuwako kijana ambaye vidole vilimpinda nyuma kila alipoandika, na kila baada ya mistari miwili huweka kalamu chini. Nilimchapa. Baada ya miaka mingi, na hospitali nyingi, aliambiwa jina la maradhi yake. Alinijia, akaushika mkono wangu akaubusu, mkono ule ule uliomchapa. Nilimwomba radhi, na haya haijanitoka.

Basi sikiliza. Mwilini mna kitu kiitwacho kolajeni, kitiacho nguvu kano, ngozi na mishipa. Wengine huzaliwa nacho dhaifu. Nyumba ya makuti yaweza kuwa na boriti nzima, lakini kamba zikilegea huyumba. Si kila mwenye viungo vyepesi ni mgonjwa. Wengi ni wazima. Lakini wako wateswao, na maradhi yao mashuhuri huitwa Ehlers-Danlos, kwa majina ya tabibu wa Denmark aliyeyaeleza mwaka 1901 na wa Ufaransa aliyeyaeleza mwaka 1908.

Watasema: “Amepimwa damu, amepigwa picha, hana kitu.” Jawabu: mwaka 2017 wataalamu waliyagawa maradhi haya mafungu 13, na lile lililo jingi zaidi, la viungo kulegea, halina kipimo cha damu mpaka leo. Tabibu hukunja vidole, viwiko, magoti na mgongo, akahesabu alama 9, kisha akauliza habari za mgonjwa na jamaa zake. Asiyeuliza hapati. Kipimo kilichonyamaza si ushahidi wa uwongo.

Watasema: “Mama yake alikuwa hivyo hivyo, akavumilia.” Jawabu: hiyo ndiyo hoja yetu! Maradhi haya aghalabu hurithiwa. Mama naye alikuwa mgonjwa, na hakuna aliyemuuliza.

Watasema: “Ni jini.” Jawabu: hatukatazi kumsomea mgonjwa, dua ni kheri. Lakini anayedai kujua ya ghaibu, akaamuru binti apigwe, au akalivuta bega lililoteguka hata likaharibika zaidi, huyo ni dhalimu, na aliyempeleka ni mshirika wake.

Watasema: “Kijana mzima aswali kitako, haoni haya?” Jawabu: Imran bin Huswayn alikuwa na bawasiri, maradhi asiyoyaona jirani. Mtume (S.A.W.) alimwambia aswali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Rukhsa aliyoitoa Mtume, wewe ni nani hata uinyang’anye?

Ama wewe mgonjwa, usichoke kutafuta. Andika maumivu yako na siku zake, umpelekee tabibu. Asiyekusikiliza, mwache uende kwa mwingine. Dawa ya kuyaondoa kabisa haijapatikana, lakini mazoezi ya taratibu ya kutia misuli nguvu, kwa uongozi wa mjuzi, huwasaidia wengi. Na ikiwa katika jamaa zako wako waliokufa ghafla kwa kupasuka mishipa ya damu, mwambie tabibu upesi, kwani liko fungu moja la maradhi haya lenye hatari hiyo.

Na wewe msomaji uliye mzima, leo usiku mtazame yule nyumbani mwako umwitaye mvivu. Muulize pale panapomuuma, kisha unyamaze umsikilize. Kumdhania mgonjwa uwongo ni dhambi isiyogharimu kitu kuitenda, na siku ya hisabu itatugharimu sana.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atusamehe sisi tuliowazidishia maumivu. Amin.