Sungura wa Watoto Wanapokufa Ghafla

Mwezi huu tunaacha kidogo habari za homa za watoto, tuzungumze juu ya sungura wao.

Jirani yetu mmoja alituita alfajiri, wanawe wakilia. Sungura wanne waliolala wazima walikutwa wamekufa, mmoja ana damu puani. Tuliwashika, tukawageuza, tukawabembeleza watoto, kisha tukarudi nyumbani na kandambili zilezile kuwapa sungura wetu majani. Sisi, ambao wodini hatugusi mgonjwa wa pili kabla ya kunawa! Bwana mifugo alipofika mchana, mizoga ilikwisha tupwa jalalani na mbwa wameila, hivyo chanzo hakikujulikana. Sungura wetu hawakupatwa na neno, lakini aliyotueleza yalitunyima usingizi.

Upo ugonjwa wa virusi unaoharibu ini la sungura na kumfanya avuje damu ndani ya mwili. Uligunduliwa Uchina mwaka 1984. Mwaka 2010 ilionekana Ufaransa aina ya pili, inayoua hata vitoto ambavyo aina ya kwanza huviacha. Mwaka 2020 ilienea kusini-magharibi mwa Marekani, na mwaka huohuo Nigeria nayo ilipata mlipuko wa ugonjwa huu. Aliyeambukizwa huweza kuacha kula na kuhema kwa shida baada ya siku chache, au akafa bila dalili yoyote. Tiba hakuna. Binadamu hauugui, wala mbwa na paka, ila viatu vyetu, mikono, nzi na mbwa aliyekula mzoga huubeba.

Virusi hivi ni vigumu kufa. Katika mzoga hukaa miezi mitatu, na baridi ya friji haiviui. Kwa hiyo sungura mpya atengwe siku 30, awe na chombo chake, na ahudumiwe wa mwisho. Aliyepona naye aendelee kutengwa, maana bado anatoa virusi. (Na wale wanaoazimana dume la kupandisha, hapo mjihadhari sana.) Chanjo ipo, mwulizeni daktari wa mifugo kama inapatikana kwenu, na kama inakinga aina zote mbili.

Kibanda kioshwe kwanza kwa sabuni na maji mengi, mkojo na mavi vitoke kabisa, ndipo upake jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 9, iache dakika 10, kisha suuza. Kumwaga jiki juu ya uchafu ni kuipoteza, tena ikichanganyika na mkojo hutoa hewa inayodhuru mapafu. Watoto wakae mbali.

Sungura akifa ghafla, msimchune. Mwiteni bwana mifugo kabla ya kuzika. Baadaye azikwe shimo refu ambalo mbwa hawafikii, au achomwe. Jirani yetu alikuwa na watano waliobaki, na ada ya shule ilikuwa inadaiwa. Alitaka kuwapeleka sokoni siku hiyohiyo. Tulikaa naye jikoni hadi jioni, tukakubaliana asiwauze, na ada tukachangishana katika kikundi chetu. Wawili walikufa wiki ileile.

Watoto wake wanauliza kila Jumapili lini watapata wengine. Tumewaambia wangoje miezi minne.