Tusisingizie Maabara

Ukiuliza kwa nini wanafunzi wa shule za kata wanaikimbia fizikia na kemia, jibu liko tayari: hakuna maabara. Imani hiyo ina nguvu. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, na wananchi wakachangishwa. Majengo mengi yalisimama, lakini hofu ya sayansi haikuondolewa na saruji.

Wilaya ya Lushoto, mkoani Tanga, inaiumbua imani hiyo. Chukua chai inayolimwa huko. Jani bichi lina maji kama asilimia 77. Kiwandani linanyaushwa, linasagwa, linaachwa hewani mpaka vimeng'enya na oksijeni vibadili ukijani kuwa rangi ya shaba, kisha linakaushwa hadi maji yabaki kama asilimia 3. Kilo 100 za majani zitatoa kilo ngapi za chai? Mtoto ambaye mama yake huuza majani kwa kilo ana sababu ya kulitafuta jibu: hazifiki 24. Hapo pana baiolojia, kemia na hesabu, pamoja na swali la bei ambalo huenda wanunuzi wasilifurahie.

Si chai tu. Mjini Lushoto kipo kituo cha TAFORI cha utafiti wa misitu. Kwenye shamba la Irente hutengenezwa jibini. Kwenye miteremko, mradi wa SECAP ulioanza 1981 ulihimiza majani ya Guatemala ili kuzuia mmomonyoko. Mambo hayo yote wanafunzi huyanakili ubaoni badala ya kwenda kuyaona.

Wapo watakaosema kiwanda si shule: mashine hukata vidole, meneja hana nafasi, na kiwanda chenyewe chaweza kufungwa. Ni kweli. Kiwanda cha chai cha Mponde kilifungwa 2013 kwa mgogoro wa wakulima na mwekezaji, hadi mifuko ya PSSSF na WCF ikaingia kukifufua. Basi shule isitegemee mlango mmoja. Wala maabara isibomolewe. Tindikali haipimwi kwa macho shambani.

Ila ziara ya siku moja, ya kupiga picha na kunywa soda, nayo isihesabiwe. Mwalimu wa kemia akae na fundi wa kiwanda, wachague mada, kisha wanafunzi wapime wenyewe na kurudi darasani na takwimu zao.

Wakuu wa shule wa Lushoto na Bumbuli, andikieni viwanda na TAFORI muhula huu. Msisubiri bajeti ya maabara.