Vyuo Vikuu na Mjadala wa Asili Yetu

Suala la Mswahili ni nani limezungumzwa tangu enzi za wazee wetu, na mpaka leo halijesha. Zamani lilizungumzwa barazani, mbele ya watu wanaojuana. Siku hizi limehamia katika simu, na kila mwenye kidole amekuwa mwanachuoni.

Mwezi wa Machi 1923 si mbali kwa wenye kukumbuka nasaba, sembuse Machi 2023, jarida la Nature lilipochapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao mwambao huu, pamoja na Mtwapa, Manda na Faza. Wataalamu walisema kwamba wengi wa watu hao zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Kiafrika, hasa kwa upande wa wanawake. Na kwamba sehemu kubwa ya iliyobaki yatokana na wanaume wa Kiajemi, waliochanganyika na wenyeji tangu kiasi cha mwaka 1000.

Makala yenyewe ni Kiingereza cha kitaalamu. Katika simu nikaona kila upande wachukua nusu yake: apendaye Ushirazi amshika baba na kumwacha mama, na auchukiaye amshika mama na kumwacha baba. Wala haya si mchezo. Hapa Pwani neno la asili halikai mbali na neno la shamba, na mtu aweza kuitwa mgeni mahali alipozikwa babu yake.

Je, vyuo vyetu vikuu viko wapi? Kilifi tunacho Chuo Kikuu cha Pwani. Mombasa tunacho Chuo Kikuu cha Kiufundi, ambacho mizizi yake ni chuo kilichojengwa kabla ya uhuru kwa ajili ya elimu ya Waislamu. Wasomi wao wangeweza kutueleza kwa Kiswahili chepesi kwamba mifupa ya watu 80 si mwambao mzima. Kwamba mengi ya makaburi hayo ni ya watu wa daraja, si ya kila mvuvi na mkulima. Na kwamba damu haisemi lugha wala haiswali.

Wako wasemao kuwa msomi akiingia katika makelele hayo atavunjiwa heshima. Huenda. Lakini baraza likihamwa na wenye kujua, hukaliwa na wenye sauti. Na Mtume (S.A.W.) ametuonya juu ya aulizwaye elimu akaificha.

Hata hivyo msomi asije kama kadhi. Habari za Washirazi katika tarikh ya Kilwa zilidharauliwa na wataalamu wengi kuwa ni ngano tu, na sasa vinasaba vyaonyesha kwamba wazee hawakusema ovyo. Basi naye akae, asikilize.

Rai yangu ni hii: kila utafiti utuhusuo ufuatwe na maelezo ya Kiswahili, yenye jina la mwandishi wake na mipaka ya anayoyajua, kisha ajibu maswali barazani na katika simu pia. Waliofukuliwa ni wazee wetu. Haki yetu ni kuambiwa walichosema.

Wallahu aalam.